Jiwe Lisiloshika Ulimi

"Hili si jiwe langu! Nimekwambia jana, nakwambia leo, na kesho nakuja kukwambia tena!"

"Na mimi nimekujibu nini? Kamuulize mwizi! Mwizi yuko kituoni, kalala sakafuni, nenda kamuulize yeye!"

"Mimi sikumpa mwizi jiwe. Nilikupa wewe!"

"Punguza sauti, Anselmi. Hapa si shambani Sigino!"

"Shambani Sigino ndiko lilikotoka hilo jiwe unalotaka kulila!"

Sajini Egidius alikuwa kasimama mlangoni zamani tu, ila hakusema kitu. Ndivyo alivyo huyu jamaa. Watu wakigombana haingilii haraka, kwa sababu mtu mwenye hasira anasahau kupanga maneno, na maneno ambayo hayajapangwa ndiyo anayoyataka. Nje watu walishaanza kujaa barazani. Mama muuza ndizi kaacha beseni lake, anachungulia.

Anselmi alipoishika meza ya kioo kama anataka kuipindua, ndiyo Egidius akagonga mlango.

"Shikamoo, mzee Sadallah."

"Marahaba, afande. Karibu. Umejionea mwenyewe? Huyu ananivunjia duka."

"Baba Kandida, achia meza."

Anselmi akaachia. Mikono ikabaki inatafuta pa kukaa, mwishowe akaiingiza kwenye koti.

Sasa kesi yenyewe ilikuwa hivi. Anselmi alikuwa anachimba shimo la choo nyumbani kwake, sururu ikagonga jiwe. Kubwa kama ngumi ya mtoto, jeupe kama mtindi. Akaliosha, akashangaa: ndani ya maji jiwe linageuka kijani, linapitisha mwanga. Likikauka, jeupe tena. Akalileta mjini kwa mzee Sadallah, maana mawe Babati unampelekea nani mwingine? Mzee yule alianza biashara Mererani, enzi hizo hakuna Mkoa wa Manyara, wote tunaitwa Arusha. Sadallah akalilamba, akasema ni zuri, akalifungia sandukuni wamsubiri mnunuzi.

Jana mnunuzi kaja. Sanduku limefunguliwa mbele ya watu, jiwe limetoka likiwa kavu kabisa lakini kijani safi, linang'aa kama kipande cha chupa. Mnunuzi akachekelea. Sadallah akamwambia, "Liko kama Mungu alivyoliumba, halijaguswa." Ndipo Anselmi akalichukua, akalilamba, akasema neno moja tu.

"Silo."

Mnunuzi akafunga begi lake akaondoka. Na Sadallah, hata jasho halijamkauka, akasema basi limebadilishwa, na funguo za sanduku anakaa nazo Hanifa, binti wa marehemu mdogo wake, ndiye anayeuza dukani. Hanifa akachukuliwa hapo hapo. Leo mchana gari la kituo linakwenda mahakamani, naye jina lake limo. Na Ijumaa hii, keshokutwa, alikuwa aolewe.

"Mzee, naomba hilo jiwe," Egidius alisema. "Na ile lenzi yako."

Alikaa kwenye stuli karibu na dirisha, akaligeuza geuza. Upande mmoja jiwe lilikuwa na pengo, kama mahali jino liling'oka. Humo ndani ya pengo, kwenye kishimo kidogo, palikuwa na chembe imeganda. Rangi ya pinki.

"Hii nini?"

Sadallah aliinama kidogo tu. Hata lenzi hakuomba.

"Rangi ya kucha hiyo. Si nilisema? Huyo ni bibi harusi, afande, wanapakana marangi kutwa nzima. Kalishika haijakauka."

"Umeiona bila lenzi?"

"Macho yangu bado mazima." Akatabasamu. Na tabasamu lake siku hizi watu walikuwa wanalizungumzia. Maji ya huku yana madini, watu wengi meno yana rangi ya chai, hakuna anayeshangaa. Ila mzee Sadallah safu ya juu ilikuwa nyeupe pee, kama sahani mpya.

"Una sindano?"

"Ya nini?"

"Nipe tu, mzee wangu."

Egidius akawasha kiberiti, akaichoma sindano mpaka ncha ikawa nyekundu, akaigusisha chini ya jiwe pasipoonekana. Kikatoka kimoshi. Harufu yake kali, ina utamu fulani wa ovyo, kama mananasi yameoza juu ya plastiki.

"Jiwe gani linanuka likichomwa?" Egidius akauliza.

"La bandia!" Sadallah akapiga kofi juu ya meza. "Ndiyo ninayokwambia toka jana! Kachukua la kweli, kaweka la plastiki!"

"Basi mimi nataka la kweli," Anselmi akasema.

"Litafute kwa mchumba wake. Anaitwa Rama, yuko Nangara, kazi yake kutengeneza meno ya bandia. Plastiki kutwa nzima iko mikononi mwake. Unganisha mwenyewe, afande."

"Jana hukumtaja."

"Jana nilimwonea haya. Ni mkwe mtarajiwa."

"Na leo?"

"Leo haya imekwisha."

Egidius akalifunga jiwe kwenye leso, akatia mfukoni. Alivyotoka alihisi kitu hakijakaa sawa. Mzee amempa kila kitu, yaani kama mtu anayekupakulia chakula kabla hujasema una njaa. Polisi akipewa jibu limepikwa hivyo, ni bora aulize nani alikuwa jikoni.

*

Kituoni chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja na viti viwili ambavyo havifanani, maana samani za mkoa mpya zilikuwa bado "ziko njiani" toka Arusha. Hanifa aliletwa kajitanda khanga. Alikuwa hajalala, unaona tu.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Nionyeshe mikono."

Akaitoa. Hina ya kahawia mpaka kwenye viganja, maua maua, fundi alijua kazi. Kucha nazo ni hina ile ile. Hakuna rangi ya chupa hata moja.

"Pinki hupaki?"

"Kwenye kucha?" Akamwangalia kama kauliza kitu cha kitoto. "Mimi naswali, afande. Rangi ile inaziba, maji ya udhu hayafiki kwenye ukucha. Hina ndiyo inaruhusiwa. Nyumbani kwetu hakuna chupa ya rangi ya kucha, baba mkubwa mwenyewe hataki kuiona."

"Baba mkubwa wako anajua hivyo?"

"Ndiye aliyetufundisha. Madrasa ya Jumamosi anafundisha yeye."

Egidius akaiangalia tena ile hina. Huyo mzee anayefundisha watoto kwamba rangi ya kucha inazuia udhu ndiye huyo huyo anayesema binti wa mdogo wake kapaka.

"Funguo za sanduku ziko ngapi?"

"Moja. Nakaa nayo shingoni."

"Haijawahi kutoka shingoni?"

Hanifa akaangalia meza.

"Nimekuuliza."

"Ikitoka inakwenda kwa mwenye sanduku."

"Ilitoka lini?"

"Afande, baba yangu kafariki. Yule ndiye baba sasa. Ndiye walii wangu. Asiposimama yeye Ijumaa, nani ananiozesha?" Akajitanda khanga vizuri. "Sina la kusema juu yake. Jana jioni kaja hapa kaniletea chapati. Kaniambia nikubali tu kosa, yeye atanisamehe, atafuta kesi, tutamalizana kifamilia."

"Ukamjibu nini?"

"Nilikula chapati. Nilikuwa na njaa."

Askari wa kike akachungulia mlangoni: gari la mahakamani limeshawekwa mafuta. Egidius akamwambia asubiri. Askari akasema bosi kasema hasubiri mtu. Egidius akasema basi bosi asubiri jiwe.

*

Nangara si mbali, akaenda kwa miguu. Kugeuka nyuma, anamwona Anselmi anakuja na baiskeli, anaiburuza.

"Baba Kandida, unakwenda wapi?"

"Unakokwenda wewe."

"Hii ni kazi ya polisi."

"Najua. Jiwe langu lilipotea kwa mtu mwenye duka na mizani na kalenda ya msikiti. Sasa liko mfukoni mwako. Wewe nimekujua jana."

Egidius akataka kukasirika, akaona jamaa ana pointi. Wakaenda wote.

Chumba cha Rama kilikuwa na mlango mmoja na kidirisha. Ukutani kapigilia misumari, kila msumari umening'iniza umbo la mdomo wa mtu kwa plasta nyeupe, midomo midogo, midomo mikubwa, yote imeachama. Kwenye jiko la mchina sufuria inachemka pole pole. Na kabla hata hajasema hodi Egidius alishasimama, pua juu. Nanasi lililooza. Harufu ile ile.

"Mambo, kaka," Rama alisema, halafu akaona mkanda wa polisi chini ya koti. "Samahani. Shikamoo, afande."

"Marahaba. Unajua Hanifa yuko wapi?"

"Najua." Alifunua sufuria kwa mkono mtupu, mfuniko ukiwa unatoa mvuke, akauweka chini taratibu kama mfuniko wa baridi. Vidole vyake kwenye ncha vilikuwa vimepasuka pasuka, ngozi inabanduka.

"Hujaungua?"

"Havisikii vizuri tena. Haya maji ya meno ndiyo yanavikausha." Akaonyesha chupa nyeusi. "Unachanganya na unga huu, unabana kwenye umbo, unachemsha, linakuwa gumu. Ndiyo ufizi wa bandia."

Unga ulikuwa kwenye kopo. Pinki.

Egidius akatoa jiwe, akaliweka mezani kati ya meno. Rama hakuliangalia. Mtu yeyote ukimwekea kitu kinachong'aa mbele yake ataangalia, hata kama ni mara moja. Huyu aliangalia jiko.

"Umetengeneza wewe?"

"Sijui kutengeneza jiwe, afande."

"Ni plastiki hili."

"Sijui kutengeneza jiwe," Rama akarudia. Na alilisema kwa namna ambayo Egidius alisikia si uongo. Mtu anadanganya kwa kuzunguka, huyu kashika neno moja kama nguzo.

Akapekua chumba kizima. Chini ya kitanda, ndani ya kiroba cha plasta, kwenye kopo la unga mpaka mikono ikawa ya pinki. Jiwe la pili hakuna. Rama kasimama tu. Wala hasemi pekua hapa, wala usipekue pale.

"La kweli mmelipeleka wapi?" Egidius akauliza, sasa sauti imepanda. "Mchumba wako gari linamsubiri, unaelewa? Litafute la kweli!"

"Hakuna," Rama akasema. "Hakuna la kwenda kutafuta."

Anselmi muda wote alikuwa kajikunyata mlangoni. Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kitambaa kimefungwa fundo. Akakifungua kwa meno.

"Mimi ninacho kingine," alisema.

Kilikuwa kipande kama ukucha wa kidole gumba. Cheupe kama mtindi.

"Sururu ilivyogonga ilikimega hiki. Mke wangu akasema kitunze."

"Kwa nini hukusema jana?"

"Mliniuliza jiwe langu liko wapi. Hamkuniuliza kama kuna lililobaki." Akampa. "Lamba."

"Nini?"

"Lamba, afande. Si ndiyo kazi yako, ushahidi?"

Egidius akakilamba. Kikaganda. Yaani kilinata kwenye ulimi kama mtu kakishonea, akajaribu kukitoa, kikaning'inia, Anselmi akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana, hata Rama kicheko kidogo kilimtoka.

"Kina vitundu vidogo hakuna mfano," Anselmi alisema. "Kinakunywa mate. Jiwe langu lote lilikuwa hivyo. Sadallah mwenyewe lilimshika ulimi, nikaona kwa macho yangu. Hilo hapo, jaribu."

Egidius akalamba lile la kijani. Laini, baridi, halina habari na ulimi wake. Kama kulamba glasi.

Halafu akakumbuka lile pengo.

Akachukua kile kipande cheupe, akakielekeza kwenye pengo la jiwe la kijani. Akakigeuza. Akakigeuza tena. Kikaingia. Kikaingia mpaka mwisho, kila kona ikakaa kwenye kona yake, kama jino linarudi kwenye ufizi wake. Kijani huku, nyeupe huku, ila mstari wa kuvunjika ni mmoja.

Egidius akalinyanyua kwenye mwanga wa kidirisha.

"Hakuna mawe mawili," Egidius akasema pole pole. "Watu wote tunatafuta jiwe lililoibiwa. Hakuna kilichoibiwa. Ni hili hili."

"Sasa mbona halishiki ulimi?" Anselmi akauliza.

Egidius akamgeukia Rama. "Mwambie."

Rama akakaa kwenye ndoo. Alikaa muda akibandua ngozi ya kidole.

"Kwa sababu limeshiba," akasema. "Vile vitundu vilikuwa na hewa. Unalikausha kwanza juani mpaka liwe kavu kabisa, halafu unalitumbukiza kwenye maji haya ya meno. Unaona mapovu yanatoka, hiyo ni hewa inampisha mgeni. Yakiisha mapovu, ujue limekunywa. Sasa haya maji, afande, ni kama watu wametawanyika mnadani, kila mtu na lake. Ukiyatia dawa kidogo, na ile dawa imo kwenye huu unga, halafu ukayapasha moto taratibu, yanashikana mikono. Mmoja anamshika mwingine, mwingine mwingine, mlolongo mrefu. Yanakuwa magumu huko huko ndani, kwenye vitundu ambavyo hata jicho halioni. Hayatoki tena. Mwanga nao ulikuwa unapotea kwenye vile vitundu, ndiyo maana lilikuwa jeupe. Vikishajaa, unapita moja kwa moja."

"Na pinki?"

"Ile rangi punje zake kubwa, haziingii ndani. Zinabaki nje. Nilisugua zote." Akaangalia jiwe kwa mara ya kwanza. "Nikasahau kwenye pengo."

"Yanaweza kutolewa? Likarudi lilivyokuwa?" Anselmi akauliza, na sauti yake safari hii ilikuwa ndogo.

"Hapana, mzee."

Anselmi akachukua kile kipande cheupe, akakifunga kwenye kitambaa chake, akakaza fundo. "Basi hiki ndicho jiwe langu."

Egidius akavuta kiroba, akakaa mbele ya Rama, magoti yanakaribia kugusana.

"Nani alikuletea?"

Rama akainua macho kwenye midomo ya ukutani.

"Nani, Rama? Una mteja mmoja tu hapa Babati mwenye meno mapya na sanduku la mawe."

"Afande, ni walii wake." Sasa machozi yalikuwa yanamtoka lakini hayafuti. "Alikuja Jumapili kurekebisha meno yanambana. Akaona naloweka kipande cha chokaa, nilikuwa najaribu tu. Akauliza, nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Jioni akarudi na jiwe. Akasema fanya, usimwambie mtu. Jana walivyomkamata Hanifa nikamkimbilia dukani. Akaniambia ukifungua mdomo, Ijumaa sisimami, na nitahakikisha hakuna wa ukoo atakayesimama. Akasema yeye ataimaliza kabla ya mahakama. Nikiongea nimemkosa. Nikinyamaza..."

"Ukinyamaza anapanda gari mchana huu."

Rama akainuka. Akazima jiko.

*

Sadallah aliitikia wito haraka, kavaa kanzu safi na kofia, kama mtu anayekuja kupokea mali yake. Akamkuta Egidius kwenye chumba kile cha viti visivyofanana. Akamwona Rama kasimama kwenye kona, tabasamu likapungua. Akamwona Anselmi.

"Limepatikana?"

"Limepatikana, mzee. Keti." Egidius akaweka jiwe mezani. "Baba Kandida, tafadhali."

Anselmi akafungua fundo, akakitia kipande kwenye pengo. Kikaingia. Hakusema kitu. Hakukuwa na haja.

"Mzee, umeshika mawe toka Mererani. Jana mbele ya watu ulisema hili silo, limebadilishwa. Kilichokosea ni macho yako au mdomo wako?"

"Kipande kinaweza kuchongwa."

"Kinaweza. Rangi ya kucha je? Hanifa hapaki, na sababu ya kutopaka ni mafundisho yako. Basi hebu tufanye hivi. Toa meno ya juu, tulinganishe ufizi wake na hii chembe hapa."

"Unanivunjia heshima!"

"Hutaki?"

Sadallah alifunga mdomo. Akaufunga kabisa, midomo ikawa mstari.

"Mzee," Rama akasema, akatoka kwenye kona. "Nimeshasema. Kama hakuna nikaha, basi hakuna. Ila Hanifa hakai huku."

Mzee akamwangalia. Halafu mabega yakashuka ndani ya kanzu.

"Mlitaka niseme nini?" Sasa alikuwa anamwambia Egidius peke yake, kama watu wazima wawili. "Mnunuzi kakaa pale. Nimeshamwapia jiwe halijaguswa. Huyu naye analamba, anasema silo. Nikisema ni lenyewe ila nimelinywesha, kesho Arusha nzima hakuna atakayeshika jiwe likitoka kwangu. Miaka yangu yote, afande. Jina la Hanifa lilinitoka tu mdomoni. Ni mtoto wa nyumbani. Angekubali, ningemsamehe, yangeisha."

"Ungemsamehe kosa lako."

Anselmi alitema mate pembeni, akakumbuka yuko kituoni, akayafuta kwa kiatu.

Egidius akafungua mlango, akamwambia askari wa kike kwamba jina la Hanifa litoke kwenye gari, na amwambie bosi kuna jina lingine linaingia. Hanifa alikuwa kwenye benchi ukumbini. Milango ya kituo ilikuwa ya mbao nyepesi. Alishasikia yote.

Akaingia bila kuitwa. Akampita Rama, akamgusa mkono mara moja, akaenda kukaa kwenye kile kiti kingine mbele ya baba yake mkubwa.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Mara..." Neno likamkwama. "Hanifa. Mwanangu. Ijumaa nitasimama. Naapa nitasimama."

"Walii akidhulumu, anasimama kadhi. Umetufundisha wewe." Alisema kwa adabu ile ile, kama anajibu swali darasani. Halafu akageuza shingo. "Afande, naomba mtuache kidogo."

Sheria hairuhusu. Egidius akamwangalia mzee, akamwangalia binti, akaangalia dirisha lina nondo. Akamwonyesha Rama na Anselmi mlango kwa kidevu. Wakatoka. Yeye akabaki wa mwisho, mkono kwenye kitasa.

"Zile chapati za jana," Hanifa alikuwa anauliza, "alipika mama mkubwa, au ulinunua?"

"Nilinunua," Sadallah akasema, sauti haisikiki.

"Wapi?"

"Pale stendi."

"Kwa hiyo ulisimama ukasubiri zigeuzwe. Zikafungwa kwenye gazeti. Ukazibeba mpaka hapa, njia nzima. Na muda wote huo unajua sikuiba."

Mzee akaficha uso kwa mikono miwili.

Egidius akatoka, akaufunga mlango.